Anayesimamisha Kamba Ataosha Vyombo

Jumamosi ile ya likizo ya Julai foleni ilikuwa imefika chooni. Hicho ndicho kipimo chetu pale Mlima Dunnet, huku kusini mwa dunia ambako Julai ndiyo katikati ya baridi na theluji. Foleni ikiishia kwenye rundo la kuni, mtu atasubiri robo saa. Ikifika kona ya nyumba ya klabu, nusu saa. Ikifika chooni ni dakika arobaini, na manung'uniko juu yake. Mimi nilikuwa mwanzoni mwa kamba, chini ya mlima, kidole karibu na kitufe chekundu, nikipima kwa macho nafasi kati ya mtu na mtu.

"Keriana, umeamua kutufuga hapa?" mtu akapaza sauti kutoka katikati ya foleni. "Nimekuja na nywele nyeusi, nitaondoka na mvi!"

"Ulikuja na upara, Colin," mwenzake akamjibu, na foleni nzima ikacheka. Colin naye akavua kofia akawaonyesha.

Sisi hatuna viti vya kuning'inia kama vilima vya matajiri. Tuna kamba. Ni kamba moja ndefu inayozungushwa na injini ya trekta kuukuu. Inapanda mlima ikipita juu ya makapi ya chuma, yale magurudumu madogo ya kupitishia kamba, yaliyofungwa kwenye nguzo, inazunguka gurudumu kule juu, inarudi. Wewe na skii zako miguuni, zile mbao za kutelezea juu ya theluji, unaishika kwa glavu ya ngozi, unaiacha ikukokote mpaka mwendo wako ulingane na wake, kisha unalirusha koleo la chuma lililofungwa kwenye mkanda wa kiuno chako. Koleo linaiuma kamba, na mkono unapumzika. Koleo likifunga vizuri linapita juu ya makapi bila shida. Vidole havipiti.

Ndiyo maana hatua kumi na tano kabla ya kapi la kwanza kuna nguzo fupi yenye mstari wa rangi ya machungwa. Ukifika hapo koleo halijafunga, unaachia kamba na kuangukia kushoto. Na mimi nikiona mtu amevuka mstari bado ameshika kwa mkono, nabonyeza kitufe kuisimamisha kamba. Murdo alinisimamisha mbele ya kitufe wiki yangu ya kwanza akaniambia, "Usifikiri, binti. Kufikiri ni kazi ya jioni. Hapa unabonyeza."

Murdo Gillies alikuwa mkuu wa kamba kwa miaka thelathini na minane. Sasa nyonga zake zilikuwa zimechoka, na alishaiambia kamati kuwa msimu huu ndio wa mwisho. Mimi nilikuwa na cheti changu cha mitambo, nilichokisomea jioni kule Timaru kwa majira mawili ya baridi, binti yangu Pare akiwa amelala kwenye koti langu chini ya dawati. Kilichobaki ni sahihi ya Murdo tu. Akisaini kwamba naweza kuachiwa kamba, ningekuwa mkuu wa kamba, na mkuu wa kamba anapewa ile nyumba ya vyumba viwili chini ya barabara ya mlima, mwaka mzima, theluji iwepo isiwepo. Pare ana miaka minne. Tangu azaliwe tumehama mara sita. Alishachagua dirisha lake katika nyumba ile. Alilichagua kwa nje, kwa kulipiga busu kwenye kioo, tukipita.

Kwa hiyo nilitaka msimu ule upite bila doa.

Asubuhi ileile, kabla injini haijawashwa, mwenyekiti wetu Pip Trask alikuja na kikombe chake cha chai. Pip ni daktari wa meno, mwanamke mwenye haraka lakini moyo mzuri. Alisimama karibu nami akitazama magari yakipanda.

"Keri, mpenzi, Jumamosi iliyopita tumesimama mara ishirini na tatu. Familia mbili zimeniambia hazirudi."

"Nimeziandika zote, Pip. Karibu zote ni kwenye kapi la kwanza. Wageni."

"Najua, najua. Sikuambii uvunje kanuni. Nasema tu, usiwe na kidole chepesi mno. Mtu akiyumba kidogo, mpe nafasi ajiweke sawa. Kila ukisimamisha, dakika nne zinakwenda."

Nikamwambia sawa. Najuta kuwa nilisema sawa kwa sauti ile ya kutaka kupendwa.

Jambo jingine la kueleza ni ubao. Upo jikoni kwenye nyumba ya klabu, juu ya sinki, na kichwa chake kimechongwa kwa kisu: ANAYESIMAMISHA KAMBA ATAOSHA VYOMBO. Murdo aliuchonga mwenyewe ujana wake. Ukianguka kamba ikasimamishwa kwa ajili yako, jina lako linaandikwa kwa chaki, na jioni, watu arobaini wakishakula nyama ya kondoo na viazi, wewe na wenzako wa ubaoni mnakunja mikono ya sweta. Wanaopita wanakupigia makofi. Wengine wanakuletea kijiko kimoja kimoja, kwa makusudi. Kila mwanachama ana hadithi yake ya ubao. Pip aliosha vyombo siku saba mfululizo mwaka aliojiunga, na huisimulia kwenye kila mkutano. Mimi pia niliupenda. Nilidhani ni kitu kinachotufanya tuwe familia.

Losa Faleafa alikuwa mgeni mwaka ule. Nesi kutoka Christchurch, Msamoa, mwanamke mpana mwenye kicheko cha kujaza chumba, na watoto watatu ambao walijifunza kamba siku moja kama mbuzi wanavyojifunza mwamba. Yeye mwenyewe kamba ilimkataa. Ijumaa ilisimama mara mbili kwa ajili yake. Jioni alikuwa kwenye sinki akiimba, povu mpaka viwikoni.

"Kesho nitaleta glavu zangu za jikoni kabisa," aliwaambia. "Naona nyie mlikuwa mnatafuta mfanyakazi, siyo mwanachama!"

Watu walicheka. Mwanawe mkubwa, Tomasi, wa miaka kumi na miwili hivi, hakucheka. Alikuwa mezani akitazama sahani yake. Nililiona hilo, nikalipita.

Basi Jumamosi, foleni ikiwa chooni, zamu ya Losa ikafika. Nyuma yake walikuwa watoto wake, na nyuma ya watoto ulimwengu mzima.

"Mama Losa, leo vyombo ni vingi!" Colin akapaza.

"Leo utaviosha wewe, kipara," akajibu, akaishika kamba.

Aliishika vizuri. Mwendo ulilingana. Akarusha koleo, likagonga kamba likaruka. Akarusha tena. Mkono wa kushoto ulikuwa umekaza kamba, wa kulia ukitapatapa na koleo, na nguzo ya machungwa ilikuwa inakuja. Aachie, nilisema moyoni. Achia, Losa, anguka kushoto. Hakuachia. Akavuka mstari.

Hapo nilipaswa kubonyeza.

Nilifikiri. Nilifikiri juu ya mara ishirini na tatu. Nilifikiri kwamba koleo lilikuwa karibu kabisa kufunga. Nilisikia foleni nyuma ya kisogo changu, jinsi ilivyonyamaza ikisubiri kuona kama itasimama tena. Ilikuwa kama sekunde mbili. Ndipo nikabonyeza, lakini kamba haisimami papo hapo, inajiburuta kidogo kama mtu aliyeamshwa, na glavu ya Losa ikaingia kwenye kapi.

Hakulia. Hilo ndilo lililonitisha. Nilipomfikia alikuwa amepiga magoti kwenye theluji, mkono bado juu, uso wa kijivu, na alikuwa akisema taratibu, "Samahani. Samahani jamani. Samahani."

Tuliirudisha kamba nyuma kwa nguvu za mikono, mimi na Murdo aliyetoka bandani, tukautoa mkono wa Losa. Vidole viwili vilikuwa vimevunjika, cha kati na cha pete. Ngozi ya glavu ndiyo iliyoviokoa visikatike.

Katika chumba cha huduma ya kwanza, tukisubiri gari la kumpeleka Timaru, alijifunga mwenyewe bendeji kwa mkono mmoja huku akinielekeza nishike wapi. Nilimuuliza kwa sababu nilitaka kujua kweli.

"Losa, mbona hukuachia? Mbona hata hukupiga kelele?"

Akanitazama kama nimeuliza kitu cha kitoto.

"Ningeachia ningeanguka kwenye njia ya kamba, ungesimamisha. Jana mara mbili. Juzi moja. Tomasi amenishika leo asubuhi akaniambia, mama, tafadhali leo usisimamishe, wananiita mtoto wa vyombo." Akavuta bendeji kwa meno. "Mimi nesi, Keri. Nawaambia wagonjwa kila siku, ukiona kitu si sawa piga kengele, usione haya. Ona sasa."

"Ni mimi niliyechelewa," nikasema.

"Sote wawili tulikuwa tunaiangalia foleni," akasema.

Gari likaja. Pare, aliyekuwa na mpishi jikoni, alikimbia nje akampa skonzi ya njiani, tayari imeumwa upande mmoja. Losa aliipokea kwa mkono mzima.

Chai ya saa kumi nilipoingia nyumba ya klabu, jina lake lilikuwa ubaoni. Si kwa ubaya. Colin aliniambia baadaye kwamba mkono wake uliandika kabla kichwa hakijafika, kama mtu anavyozima taa akitoka chumbani. Lakini lilikuwa pale, LOSA, kwa chaki nyeupe, na Tomasi alikuwa amesimama chini yake akilifuta kwa mkono wa koti, akisugua na kusugua hata baada ya herufi kwisha.

Fomu ya ajali ni kurasa mbili. Ya kwanza ni rahisi: nani, saa ngapi, hali ya hewa, mwendo wa kamba. Ya pili ina mistari sita chini ya neno Chanzo. Pip alikaa nami mezani.

"Andika tu kwamba mpandaji hakufuata maelekezo," alisema kwa upole. "Ni kweli. Alitakiwa aachie kwenye mstari, hakuachia. Mkaguzi atakuja, ataangalia kapi, ataondoka. Keri, sikiliza. Kamati inakaa wiki ijayo juu ya nafasi yako. Usijichimbie kaburi."

Ilikuwa kweli, hilo ndilo lililonisumbua. Kila neno lilikuwa kweli, na mtu akisoma asingejua lolote lililotokea. Nilimtazama Pare, aliyekuwa chini ya meza akivalisha skii ya plastiki mwanasesere mwenye mguu mmoja. Nilifikiria lile dirisha. Nilifikiria pia siku moja Pare akiwa na miaka saba, ameshika kamba, koleo limegoma, na foleni ikimtazama.

Nikaandika. Niliandika kwamba mpandaji alivuka mstari akiwa ameshika kwa mkono, kwa sababu aliogopa kusimamisha kamba, kwa sababu katika klabu hii anayesimamisha kamba anaandikwa ubaoni na kuchekwa. Niliandika kwamba katika daftari langu la wiki tatu kulikuwa na watu kumi na wanane waliovuka mstari bila koleo, na hakuna hata mmoja aliyepiga kelele. Kisha mstari wa mwisho: Msimamizi wa kamba, ambaye ni mimi, aliona na alichelewa kubonyeza kwa sekunde mbili, kwa sababu alifikiria foleni.

Pip alisoma. Akavua miwani. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi mpelekee Murdo. Ni lazima naye asaini."

Murdo alikuwa bandani na injini, akipaka grisi mahali pasipohitaji. Alisoma akiwa amesimama, kurasa zote mbili, kisha akazirudia.

"Ubao wangu," akasema.

"Ndiyo, Murdo."

"Miaka thelathini na nane hakuna aliyekufa kwa kuosha sahani."

"Sikusema sahani."

"Naona ulichosema, naweza kusoma!" Akaweka karatasi juu ya injini, akaiondoa haraka isichafuke. "Nilikichonga kile kitu kwa sababu watu walikuwa wanaanguka kizembe, wanalala pale kama wamekuja ufukweni, na wengine wote wanasubiri. Kikawafanya wajifunze. Kilifanya kazi, Keriana."

"Kilifanya kazi. Watu wameacha kuanguka. Hata pale wanapotakiwa kuanguka."

Alisaini fomu ya ajali, kwa sababu lazima asaini, akanirudishia bila kunitazama. Karatasi yangu ile nyingine, ya kuachiwa kamba, ilikuwa imening'inia kwenye msumari ukutani pale pale kati yetu. Hakuigusa.

Mkaguzi alikuja Jumanne. Aliizuia kamba isitumike kwa siku tisa mpaka kapi la kwanza liwekewe kizuizi cha vidole, na waya unaosimamisha kamba wenyewe mtu akifika pale vibaya. Siku tisa za likizo ya shule. Wanachama waliopanda mlima kwa ajili ya theluji walikaa ndani wakicheza karata na kuwatazama kea, wale kasuku wa mlimani, wakinyofoa mpira wa madirisha ya magari yao. Mezani nilipokaa mazungumzo yalipungua. Hakuna aliyenitukana. Mmoja tu alisema, nikimpitishia chumvi, "Ripoti ndefu, nasikia." Usiku ule nilimwambia Pare huenda tusihamie nyumba ya dirisha. Akauliza kama dirisha litabaki. Nikamwambia litabaki. Akaridhika, mimi sikuridhika.

Kamati ilikaa. Kura tano kwa tatu, ubao ukatolewa juu ya sinki, na zamu za vyombo zikapangwa kwa herufi za majina, jambo ambalo halimfurahishi mtu yeyote. Kuhusu nafasi yangu walisema watasubiri neno la Murdo, kama siku zote.

Kamba ilianza kazi tena Alhamisi ya mwisho ya likizo. Anga ya bluu, theluji kavu, na foleni ikapita choo, ikafika kwenye magari. Losa alikuwa amekuja, mkono kwenye plasta, amekaa kwenye kiti cha kukunja na chupa ya chai, akimsimamia kila mgeni kwenye kipande cha kamba isiyozunguka ambacho nilikifunga kati ya nguzo mbili kando ya foleni ili watu wafanye mazoezi ya koleo wakisubiri. "Rusha, siyo kupapasa," alikuwa akiwaambia. "Hilo ni chuma, siyo mtoto mchanga. Na likigoma, unafanyaje? Sijasikia! Unafanyaje?"

"Naachia!" watoto wakaitikia.

Kwenye saa tano Murdo akatokea na skii zake za zamani, akapita foleni yote bila kuomba radhi, haki ambayo ni yake peke yake. Alisimama mbele yangu akafunga mkanda wake.

"Kaza macho," akasema tu.

Nikajua ni mtihani. Foleni nayo ikajua.

Alishika kamba kama mtu anavyoshika mkono wa mkewe. Koleo likafunga kwa pigo moja. Akavuka mstari wa machungwa salama, akavuka kapi la kwanza, na mimi nikaanza kupumua. Alikuwa kati ya kapi la pili na la tatu, mbali, mdogo, nilipoona bega lake la kulia likishuka na mkono ukienda usoni kwa ghafla, kichwa kikainama upande wa kamba.

Nilibonyeza. Kamba ikajiburuta, ikasimama. Watu kumi na wanne mlimani wakasimama nayo, na nyuma yangu foleni ikatoa ule mguno mmoja mrefu.

Murdo alifungua koleo, akateleza polepole mpaka chini, nyonga zikimuuma waziwazi. Akaja mpaka usoni kwangu.

"Umesimamisha kwa nini?"

"Nimeona mkono umetoka na kichwa kimekwenda kwenye kamba."

"Nilikuwa najikuna pua."

Watu wa mbele wakaanza kucheka.

"Sikujua," nikasema.

"Na sasa watu mia wamesimama, wewe na pua yangu."

"Ndiyo."

"Ungesubiri kidogo ungejua ni pua."

"Nisingesubiri," nikasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Hata kesho ukijikuna nitasimamisha, Murdo. Ujikune kabla hujapanda."

Losa alipiga kicheko kile chake cha kujaza chumba, ila sasa kilijaza bonde. Murdo akafungua mkanda wake. Kisha akageuka, akamwambia Pip, aliyekuwa wa sita kwenye foleni, "Una kalamu?"

"Mimi? Kwenye foleni ya skii?"

"Nani ana kalamu? Nyie wote mmesoma, hakuna mwenye kalamu?"

Colin akaitoa moja kwenye mfuko wa koti. Ilikuwa imeganda. Murdo akaipuliza, akaisugua kiganjani, akaelekea bandani, na nikamwona kupitia mlango akiitoa karatasi yangu kwenye msumari na kuiegemeza ukutani. Aliandika jina lake pole pole, lote, pamoja na la katikati ambalo sikuwahi kulijua.

"Dakika mbili na nusu," Pip akasema, akitazama saa yake. Kisha akanikonyeza. "Washa basi, mkuu wa kamba. Tunaganda."

Nikatazama juu kuhakikisha wale kumi na wanne wamesimama sawa, koleo moja baada ya jingine. Wa tatu kutoka chini, msichana mwenye kofia ya kijani, alikuwa ametoa mkono hewani. Labda alikuwa ananipungia. Nilisubiri mpaka akaurudisha kwenye kamba, ndipo nikawasha.